Rachida wa Pompe na Fundo la Mchikichi

Ukishuka kwenye bonde la bustani, pale chini ya mji wa Kasongo ambako maji hayakauki hata jua likiwaka vipi, usishangae kuona koti la mvua linatembea kati ya matuta wakati mbingu haina hata wingu. Ndani ya koti hilo yumo Mama Rachida. Mgongoni amebeba bomba la kupulizia dawa ya wadudu, lile ambalo bondeni kila mtu huliita pompe, na usoni amejifunga kitambaa mpaka yanabaki macho tu. Usimpe mkono. Hataupokea, na si kwa majivuno: Rachida hamshiki mtu mkono mpaka aoge na kubadili nguo. Nguo za kazi huzifua peke yake, mbali na kijito, na maji yake huyamwaga katika shimo alilolichimba mwenyewe. Chupa ya dawa ikiisha huitoboa kwa msumari. Wapo waliokuja kumwomba chupa tupu wakawekee mafuta ya mawese, maana chupa nzuri yenye kifuniko ni mali, na wote walirudi na chupa yenye tundu. Wanawake wa bondeni humtania kwamba siku akifa ataitoboa hata sanda yake, mtu asije akaiazima.

Ni mtu mfupi, mkavu wa maneno. Alizaliwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kwa baba mvuvi aliyependa sana kuzungumza, na inaelekea mzee yule aliyamaliza maneno yote ya ukoo, binti hakubakiziwa. Aliolewa Kasongo na Djuma, mtoto wa nyumba ya Waislamu wa zamani, aliyekuwa akiuza sabuni na chumvi. Djuma ndiye aliyelileta lile bomba, juu ya baisikeli, kutoka Kindu. Likawa la kwanza bondeni.

Kabla ya hapo lengalenga za Kasongo, ndiyo michicha yetu, zilikuwa na matundu kama wavu, na wateja walikuwa wanazipita. Djuma alipoanza kupulizia, majani yakawa yanang'aa. Kizuri chajiuza, na mboga za Djuma zilijiuza kabla hata hajazipanga chini. Dawa ilifika sokoni imekwisha kumiminwa katika chupa za soda, haina jina wala maelezo, naye aliipima kwa jicho. Wadudu wakiwa wengi, anaongeza kidogo. Alipuliza leo, akauza kesho, na siku mteja akiwa na haraka, alipuliza asubuhi akauza jioni. Hakuwa mtu mbaya. Bondeni hakukuwa na mtu aliyefanya vingine, wala aliyesikia kwamba kuna vingine.

Walikuwa na binti, Malaika, kitinda mimba wao, aliyependa vilele vya lengalenga vilivyopikwa na karanga. Siku moja Djuma alipuliza tuta asubuhi, na mchana akamchumia binti yake vilele vilivyo bora kuliko vyote. Mangaribi mtoto akaanza kutapika. Akatoka jasho na mate, akatetemeka, na hakuiona asubuhi. Watu walikuja matangani wakasema ni kazi ya Mungu. Wengine, wakisha kunywa chai, wakanong'ona jina la shangazi mmoja mpweke ambaye hakuwa na kosa lolote. Baada ya hapo mikono ya Djuma ilianza kutetemeka, ikawa hawezi kushika mpini wa bomba, akaliweka chini. Rachida akaliokota, kwa sababu nyumba ilikuwa bado inataka kula. Watu walimcheka, mwanamke na pompe, mpaka wakachoka wenyewe.

Aliyembadilisha ni André, agronomu, yaani bwana shamba, aliyetoka Kabambare kwa pikipiki, akafika ana tope mpaka magotini, akawakusanya wakulima wa bondeni katika darasa la shule. Aliwaambia bila kuzunguka kwamba dawa haiishi kwa kukauka. Inabaki juu ya jani, na nyingine inaingia ndani. Kuosha kunapunguza lakini hakumalizi. Kila dawa ina muda wake wa kungojewa, na jani likiliwa kabla ya muda huo, linaliwa pamoja na dawa yake. Kisha akaeleza namna mtu aliyekula sumu ile anavyokuwa: anatapika, anatoka jasho na mate, anatetemeka, na mboni ya jicho inakuwa ndogo kama tundu la sindano. Wakulima walitikisa vichwa kama watu wanaosikia habari za nchi nyingine. Rachida alikuwa ameketi nyuma kabisa. Aliyaona macho ya Malaika, namna alivyoyaona siku ile chini ya taa, akajua.

Hakumwambia mtu. Djuma ndiye hasa hakumwambia. Mkono uliopuliza ulikuwa wa Djuma, na mkono uliochuma ulikuwa wa Djuma, na mikono yenyewe ilikuwa tayari inatetemeka. Rachida alilimeza jambo lile na kulibeba mgongoni pamoja na bomba, miaka yote.

Badala ya kusema, akafanya kazi. Chupa isiyo na maandishi hakuigusa tena. Chupa yenye maandishi aliihifadhi mpaka André apite amsomee. Mkulima akimwita kwa wadudu wachache, Rachida alimwonyesha namna ya kuwaokota kwa mkono, akarudi nyumbani bila kupuliza, akala hasara yake. Lakini shida ilikuwa kungoja. Tuta moja la mboga lina mikono mingi: mama anachuma, mkwe anachuma, dada anayepita kumsalimu shemeji naye anachuma. Wewe utamwambia nani, na utamkumbusha nani? Rachida alitaka alama ambayo kila jicho litaiona. Akakata ukuti mbichi wa mchikichi, akaupasua, akaufunga fundo kubwa, akaubandika juu ya kijiti kwenye kichwa cha tuta. Sheria yake ilikuwa nyepesi: fundo likiwapo, tuta halichumwi, mpaka muda wa ile dawa uishe na Rachida aje alitoe kwa mkono wake.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa mkoa wetu wa Maniema peke yake ndiye angeweza kulifanya na ndiye angeweza kulielewa. Katika nchi hii ukiona ukuti umefungwa fundo juu ya shamba, huulizi. Unajua mwenye shamba ameweka kago, kinga ya kumkamata mwizi, na atakayeiba tumbo litavimba au miguu itakataa kwenda. Mama zetu walijua hivyo, na Rachida mwenyewe alikua akijua hivyo, ila siku ile akili yake ilikuwa kwenye sumu, haikukumbuka kago. Wezi wa mboga waliyaona mafundo wakageukia njia nyingine. Wakulima wakafurahi. Haukupita muda, kila tuta bondeni likawa na fundo lake, lililopuliziwa na lisilopuliziwa, na Rachida akawa anatembea katikati ya makuti akijiuliza yapi ni yake. Alisema mpaka akachoka. Walimjibu ndiyo mama, ndiyo mama, na kesho yake wakafunga mengine.

Kisha ikaja Ijumaa ya Faradji. Faradji ni kijana wa pikipiki, mwenye mdomo mtamu na mfuko mtupu, na siku ile, wakati mji mzima uko kwenye sala ya Ijumaa na bonde limebaki kwa vyura, alishuka akajichumia lengalenga kwenye tuta la Mzee Souleymane mwenye duka. Rachida alikuwa amelipuliza asubuhi ile ile. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Faradji ziliisha kabla ya alasiri. Alipika haraka haraka, bila hata kuyaosha majani vizuri, akala, na jua halijashuka akawa anabebwa juu ya pikipiki yake mwenyewe kupelekwa hospitali. Rachida aliposikia, hakuuliza nani kaiba nini. Alichukua ile chupa ya dawa akakimbia nayo mpaka kwa muuguzi Célestin, ili wajue ni sumu gani iliyo ndani ya mtu wao. Célestin alisema baadaye kwamba chupa ile ilifika kwa wakati, la sivyo Faradji angekuwa anasomewa dua.

Faradji alipona. Na mji ukasema: kago la Rachida limekamata mwizi.

Jumapili akisha kutoka sokoni, Souleymane alikuja nyumbani kwa Rachida na kuku chini ya kwapa. Alisimama mbali kidogo, akavua kofia, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya mwanamke. Alimshukuru kwa tuta lake, akaomba afungiwe fundo jingine kwenye mlango wa duka. Rachida alimweleza kwamba si kago, ni dawa ya wadudu. Souleymane alitabasamu na kufumba jicho moja. Ni nani amewahi kumsikia mwenye kago akikiri kwamba analo?

Tuseme ukweli, Rachida si jiwe. Mwanamke aliyechekwa kwa sababu ya pompe sasa alipishwa njia, na wauza samaki walimwita wampe mkia wa nyongeza. Jumapili ile yote aliionja heshima na akaiona tamu. Ilikuwa ni haki yake pia, kwa kazi yote ile, ingawa ilikuja kwa mlango usio wake.

Jumatatu asubuhi Souleymane alirudi tena kuulizia lile fundo la duka, na katika maneno yake mengi akatoa moja ambalo Rachida hakulisahau.

"Sisi wenye shamba hatuna tena woga," alisema. "Kago haimukamate mwenyewe."

Rachida aliacha maji ya chai motoni akashuka bondeni. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta la Emilienne, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye wamechota maji kwenye kisima kimoja na kuliliana misiba. Tuta lile alikuwa amelipuliza Ijumaa hiyo hiyo, baada ya la Souleymane. Nusu yake ilikuwa imekatwa vizuri kwa kisu. Kijiti kilikuwa kimeng'olewa ili kisizuie kazi, kisha kikarudishwa mahali pake kwa adabu, na fundo la ukuti, bado bichi kabisa, limenyooshwa kama kofia ya bwana harusi. Emilienne alikuwa amelipa kago heshima yake. Kisha akachuma, kwa sababu tuta ni lake na kago halimkamati mwenyewe.

Rachida aliung'oa ukuti ule akauchukua. Emilienne analea wajukuu. Na ukimwambia mtu hii ni sumu, wakati mji mzima umeona kwa macho yake kwamba aliyeugua ni mwizi na wenye shamba ni wazima, atakusikia? Alijua neno moja tu ambalo lingesikiwa. Alijua pia ni nani litakayemkata.

Hakutaka Djuma alisikie kwa watu. Alipita nyumbani kwanza. Djuma alikuwa ameketi barazani, mikono ameifungia katikati ya magoti ili itulie, kama kawaida yake. Rachida aliketi mbele yake akamwambia yote: macho ya Malaika, maneno ya André, miaka aliyonyamaza, na tuta la Emilienne. Alisema atakwenda kulisema jambo hilo sokoni ikiwa Djuma atamruhusu, na ikiwa hatamruhusu, hajui atafanya nini.  Djuma aliuliza jambo moja tu, amelijua tangu lini, na Rachida akamjibu tangu siku ile ya shule. Djuma akatikisa kichwa polepole, akihesabu moyoni usingizi wote ambao mkewe hakuulala. Kisha akaomba kofia yake.

Walikwenda pamoja, Djuma akiegemea baisikeli. Sokoni, mahali pa wauza majani, Emilienne alikuwa amechelewa kufika na ndiyo kwanza anapanga mafungu yake ya lengalenga, mabichi, yanayong'aa, mazuri mno. Rachida alisimama mbele ya beseni akamwambia asiuze hata fungu moja. Watu wakajaa mara moja, maana mwenye kago mwenyewe amefika. Rachida akasema mbele yao wote kwamba hajui kago, hajawahi kuwa nalo, na fundo lile ni la kuwaambia watu wangoje sumu iishe. Wakacheka kwa upole. Alivyozidi kukana, ndivyo walivyozidi kuamini. Aliutoa ukuti aliouchukua kwenye tuta, akauchana vipande vipande mbele ya macho yao, akavitupa chini akavikanyaga. Mwuza pilipili mmoja akawaeleza wenzake kwamba bila shaka, ni lake, litamfanya nini?

Emilienne ndiye aliyemhurumia. Alimshika bega.

"Dada, usihangaike," alisema. "Mie ni mwenye shamba. Haitanikamata."

Rachida alimtazama Djuma. Djuma alitazama chini, kisha akainua uso, akabaki ameuinua.

"Emilienne," Rachida alisema, "unamukumbuka Malaika?"

 Emilienne alikuwa amekaa na Rachida matangani siku zote zile, asingeweza kusahau.

"Malaika hakuiba. Alikula ya shamba ya baba yake. Hakuna fundo ilifungwa pale, hakuna mwizi. Asubuhi tulipuliza, muchana tukachuma, mangaribi alianza kutapika sawa Faradji. Hii sumu haijui mwenye shamba."

 Mwuza pilipili aliweka chini kipimo chake. Emilienne aligeuka akamtazama Djuma, si kwa kumhukumu, bali kama mtu anayetafuta mahali pa kushika asianguke, akamwuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," Djuma alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini wote waliisikia. "Rachida anasema tulipuliza. Hapana. Mie njo nilipuliza. Na mie njo nilimuchumia."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya usukani wa baisikeli na kengele ikawa inalia kidogo kidogo.  Mzee Souleymane, aliyekuwa nyuma ya watu, alipita katikati akashika usukani upande wa pili ili Djuma asimame vizuri. Kwa hilo asamehewe mambo mengine yote.

Emilienne aliinua beseni. Wengine walidhani anarudi nyumbani nalo, lakini alilipindua pale pale, lengalenga zote zikalala chini kwenye vumbi, akaanza kuzikanyaga kwa miguu yake. Halafu akasimama ghafla. Mkono ulimwenda mdomoni.

"Esther-Divine," alisema. "Nimewaachia za kupika."

Rachida alikuwa ameshaanza kukimbia. Ni mwanamke wa makamo, mwenye goti bovu la upande wa kushoto kwa sababu ya kubeba bomba, na watu wa Kasongo bado wanasimulia namna alivyowapita vijana wa pikipiki waliokuwa wanageuza vyombo vyao ili wampakie. Emilienne alikuwa nyuma yake, kitambaa cha kichwa kimemwanguka, akiita majina ya wajukuu njia nzima.

Nyumbani kwa Emilienne chungu kilikuwa kimeshaepuliwa. Watoto wameketi kuzunguka bugali, mikono wamenawa, wanamngoja mkubwa wao agawe. Esther-Divine, mdogo kuliko wote na asiyejua kungoja, alikuwa amekwisha kukata tonge na kulichovya kwenye mboga, na tonge liko njiani. Rachida alimkamata mkono hewani. Aliufungua kidole kwa kidole, akalitoa lile tonge, akauosha mkono ule kwa sabuni mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mtoto akilia kwa njaa na kwa hasira. Aliwauliza wote, mmoja mmoja, kama kuna aliyeonja, akawatazama macho, kila jicho, akivuta kope kwa kidole chake. Hakuna aliyeonja. Mboga aliimwaga ndani ya shimo la choo pamoja na maji yake.

Emilienne alifika nyuma yake. Aliketi kwenye mlango akiwashika watoto vichwa, akiwahesabu kwa mkono. Baadaye alinyanyuka akapika bugali nyingine, maana ile ya kwanza Rachida alikataa isiliwe, na kwa sababu hakukuwa na kitoweo aliwatilia chumvi na mafuta ya mawese juu.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika uani. Djuma naye alifika na baisikeli yake, pamoja na Souleymane. Walimngoja Rachida atoke waseme naye, wengine wamwombe msamaha, wengine wamwulize kuhusu matuta yao, mangapi yamepuliziwa na lini. Hakutoka. Aliketi mkekani karibu na Esther-Divine, akamkatia tonge dogo, akamchovyea kwenye mafuta, akamtia mkononi, na akamtazama akila. Akamkatia jingine. Mtoto alikula mpaka sahani ikawa nyeupe, akajilamba vidole, akaomba aongezewe, na hapo ndipo Rachida alipolia.